Kumi ya Azani

Tarehe ya mshahara wa Hilali hatuijui.
Mwezi huu imesogea, mwezi ujao itasogea;
gari la mitungi ya gesi ni la mtu,
na mtu ana dhiki zake.
Lakini tarehe ya watoto haisogei.
Simu ililia juu ya friji
nami, mikono imejaa unga,
nikaifungua kwa kidole cha mwisho:
ishirini. Kumi ya Azani, kumi ya Thuweba.
Haba na haba, husema watu.
Kibaba chetu kina tundu
na tumezoea kuliziba kwa gumba.

Nikasema kwa sauti, na hilo ndilo kosa langu:
"Alhamdulillahi, kila mtoto na kumi yake."

Azani ana miaka saba na masikio ya paka.
Akaacha katuni.
"Kumi yangu iko wapi?"

Iko kwenye maziwa.
"Maziwa anakunywa Thuweba."
Iko kwenye umeme.
"Umeme tunautumia sote."
Iko kwenye viatu vya shule.
"Viatu hujanunua bado."

Mkaguzi gani huyu wa hesabu niliyemzaa,
amekaa kwenye zulia hapa Mabela
na kaptura imepasuka nyuma!

Na Thuweba, je? Miezi minne, hajui hata kukaa.
Naye kumi? Sawasawa na yeye
aliyehifadhi Suratul-Mulki yote
na anayejua kufunga bomba la jikoni lisilofungika?
Hilo lilimkera kuliko yote.

Bibi Zuweina, mama mkwe wangu,
alicheka mpaka tasbihi ikamponyoka.
"Kwetu Unguja," akasema, "mtoto alikuja na riziki yake
ila hatukuiona ikipita mlangoni.
Siku hizi inapiga hodi kwenye simu."
Kisha akanyamaza, akahesabu kitu kwa vidole:
tisa aliowazaa,
watano aliobaki nao.
Akaomba maji.

Usiku, kiyoyozi kinadondosha matone ndooni,
swali likatoka upande wa ukutani.
"Mama, nikivunja glasi, wanakata?"
Hawakati.
"Nikiumwa?"
Hawakati. Lala.
"Nikiwa sipo, utapungukiwa kumi?"

Sikuwa na jibu lenye tarakimu.
Nilimvuta, nikanusa utosi wake,
jasho na biskuti.

Asubuhi joto limeshakaa kizingitini kama mdai.
Tukaenda kwenye mashine ya benki, karibu na duka la dawa.
Nikatoa noti moja, nikamkabidhi.
"Yako hiyo. Shinda nayo."

Akashinda nayo.
Aliinusa. Aliipima na kiganja cha dada yake.
Alikwenda nayo dukani kwa Mmalabari
akauliza bei ya baiskeli: thelathini na tano.
Bei ya mpira: mbili na nusu.
Bei ya kopo la maziwa, lile lenye dubu:
nne na baisa mia tisa.
Hapo, mwenye duka aliniambia baadaye,
alisimama sana,
midomo ikimtembea kama yumo kwenye sala.
Hakununua kitu.
Noti ikalala chini ya mto wake,
mimi nikalala na bili ya umeme kichwani.

Kulipokucha nilimkuta jikoni kanitangulia.
Ameikunja mara nne, imekuwa ndogo kama hirizi.
"Chukua. Lipa umeme, Bibi anaona joto."
Akafikiri kidogo.
"Lakini mimi bado nipo. Andika."

Niandike wapi?
"Popote. Wasije wakasahau."

Nikaandika nyuma ya bili, kwa kalamu ya wanja
maana nyingine sikuiona:
Azani yupo.

Hilali aliporudi mchana, aliikuta mezani.
Hakuuliza, si mtu wa kuuliza.
Akachukua ile kalamu ya wanja,
vidole vyake vina kutu ya mitungi,
akaongeza chini, kwa mwandiko wake wa kuinama:
na Thuweba.