Honi ya Saa Tisa

Chumba changu pale Tabora kina viti viwili
na dirisha lisilofunga vizuri.
Honi ya treni ya Mwanza ikilia stesheni
mkono wa kulia wa Mihayo huamka wenyewe,
hutafuta breki hewani.

Miaka kumi na tisa dereva.
Mtoto mmoja, relini, kabla ya Malongwe.
"Nilivuta," husema. "Nilivuta. Chuma hakisikii."

Simwambii asahau.
Simwambii Mungu kapanga; hilo aliambiwa msibani,
hadi leo limemkwama kama mwiba wa samaki.

Namwuliza: breki ile ilikuwa ya baridi, au ya moto?
Ananitazama. Hajawahi kuulizwa.
"Baridi," anasema. "Asubuhi ile, baridi sana."
Ndipo analia,
nami nauzuia mkono wangu usikimbilie leso.
Machozi yana mwendo wake.

Leo wiki ya saba. Honi imelia.
Mkono umeamka,
umesita,
umeshika kikombe cha chai.

Jioni naosha vikombe viwili.
Mume wangu anauliza, mbona kimya?
Kazi tu, namjibu.

Usiku treni ya Kigoma inapita.
Mkono wangu, chini ya shuka,
unavuta.