Hesabu ya Kimya

Vipimo mia moja na sabini na viwili,
halafu pigo moja la matoazi.
Ndiyo kazi yote ya usiku ule, na kwa kazi hiyo
Bi Shinuna binti Hamdun alilipiga pasi gauni jeusi mara mbili,
akaendesha gari kutoka Mawaleh mpaka Qurum
katika foleni ya Alhamisi,
akakaa nyuma kabisa, nyuma ya matarumbeta.

Wakirudi, mama yake akamuuliza:
Sasa wewe ulikwenda kufanya nini?
Nimekuona umesimama tu, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Alikuwa anahesabu.
Kondakta anasema Kiingereza, wenye fidla Kiarabu,
yeye moyoni anahesabu kwa lugha ya jikoni kwao:
moja mbili tatu nne,
mbili mbili tatu nne,
tatu mbili tatu nne,
kama bibi yake alivyopima vikombe vya mchele siku ya hitima,
anasemeshwa huku na huku, hachanganyikiwi.
Namba zikizidi urefu wa pigo alizikata:
hamsini na saba ikawa *hamsa-saba*,
basi.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Sisi alitukataza kusema hivyo.
Kimya kina hesabu, alisema. Mshindo ni risiti tu.

Na ngozi aligombana nazo miaka thelathini.
Nje joto nyuzi arubaini na nne,
ndani kiyoyozi cha kugandisha samli;
timpani zinapanda, zinashuka,
kabla hujafungua zipu ya mfuko wa mikwiro.
Aliinama, sikio juu ya ngozi, akiimba puani,
unyayo kwenye kanyagio,
na sisi nyuma tunabanana mbavu kwa kicheko,
mpaka siku alipotuinamisha mmoja mmoja
na ngozi ikatujibu.

Al Khoudh, mwaka wa kwanza, shule haikuwa na ala hata moja.
Akaenda gereji akaomba matairi kumi na moja.
Mkono wa kushoto, alituambia,
kwenye sinia ya wali ukae chini na adabu zake;
hapa hauna aibu, upige.
Tukasugua meno kwa kushoto, tukafungua milango kwa kushoto.
Mahfudha alilia kwa sababu ya kukimbilia pigo.
Akapewa kazi ya kumwagilia mchaichai, kopo moja moja,
wiki tatu.

Alitunga kidogo, vipande sita maisha yake yote.
Ninachokipenda kilianzia kwenye gari la gesi:
Shafiqul, kijana wa Kibengali, anagonga mitungi kwa spana
mtaa mzima ujue amefika.
Mtungi mtupu unalia mrefu.
Uliojaa unasema neno moja.
Alimshikia kikombe cha chai, *rudia, tena, hapo hapo*,
na mitungi ikalia mpaka jirani akatoka na kanzu ya kulalia.

Usiku wa onyesho Shafiqul alisimama mlangoni na sare yake.
Tulipomaliza watu wakapiga makofi, yeye akatikisa kichwa.
Mnakwenda mbio, alisema.
Pale mama anashuka ngazi.
Bi Shinuna akatoa penseli palepale,
akaandika juu ya ukurasa: *mama anashuka ngazi.*
Mpaka leo hatuna alama nyingine ya mwendo.

Kiwiko cha kushoto kilimwacha kabla ya moyo.
Daktari akapasua, akashona, akasema pole.
Zile timpani akanipa mimi, pamoja na kiti kirefu
na kitambaa chenye harufu ya udi na mafuta ya mashine.

Juzi Qurum, kipande kilekile.
Nimesimama nyuma ya matarumbeta, matoazi mikononi,
na kwenye tisini nikapotea.
Tisini, au themanini na tisa?
Fidla zinafanana zote, kama mchanga.
Nikainua macho.
Safu ya tatu, buibui jeusi, mkono mmoja mapajani,
hanitazami hata.
Midomo yake tu inatembea:

*tisa-nne* mbili tatu nne,
*tisa-tano* mbili tatu nne

nikadandia.