Tope la Jumanne

Chumba cha baridi, Mlimani, nyuzi nne.
Ufunguo nalala nao mimi.
Humo yamelazwa mabomba arobaini na mawili,
kama wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea uji.
Tuliyatoa Rukwa, kiangazi cha mwaka juzi,
Dokta Lwitiko akiwa na homa,
mimi nikiwa na nyundo.

Bomba hupasuliwa kwa urefu,
kisha waya mwembamba hupita katikati ya tope
polepole, kama muuza duka anavyokata sabuni ya mche.
Nusu moja ni ya kuchokonoa.
Nusu ya pili huwekwa, isiguswe,
kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa
na atakayekuja na swali zuri kuliko letu.

Kusoma nimejifunza humo humo, bila shahada.
Weusi: maji yalikuwa mengi, na huko chini hakukuwa na pumzi.
Weupe wa unga: magadi, ziwa limenyauka.
Ukijivu mwembamba kama ukingo wa kucha:
siku Rungwe ilipokohoa.
Na kwenye hadubini, vimwani vya kioo,
wakazi wa maji matamu,
wamekufa kwa mamilioni bila kukunja uso.

Enzi hizo Rukwa ilijaa hadi ikamwagikia Tanganyika.
Ziwa likamwagikia ziwa!
Leo ufuko wake wa zamani uko juu mlimani.
Mbuzi wanakula hapo.
Kokoto zilizoviringishwa na mawimbi
bado ni za mviringo,
hazijapata taarifa.

Dada yangu Mwasiti aliwahi kuniuliza,
akichambua mchele, bila kuniangalia:
Kama mvua ilihama zamani, hakuna gari, hakuna kiwanda,
sisi tunalaumiwa nini?
Nikamwambia dunia iliyumba kidogo katika mzunguko wake,
na jambo hilo lilikwenda kwa miaka elfu na elfu.
Kwenye bomba langu ni upana wa kiganja.
Hili letu halitafika unene wa kucha.
Akapuliza makapi.
Basi kucha hiyo, akasema, ndiyo inayotukuna.

Jumanne Msimbazi uliingia kwake Kigogo
saa tisa usiku, bila hodi.
Nilipofika na koleo, ukuta ulikuwa umeandikwa.
Mstari wa magotini: mwaka aliozaliwa Shani.
Wa kiunoni: mwaka baba yake Shani alipohamia kwa mwingine.
Huu mpya umepita swichi ya taa,
umeigusa ile X nyekundu
iliyochorwa na watu wa serikali
ambao hawakurudi.

Sakafuni tope la vidole vinne.
Mwasiti alikuwa anakomba kwa mfuniko wa sufuria.
Nikapiga magoti, nikakata kwa kisu cha jikoni, wima,
nikafungua.
Chini mchanga, mto ulipokuwa na hasira.
Juu yake udongo laini, ulipotulia, ukalala humu ndani
kama mgeni aliyekaribishwa.
Katikati: kifuniko cha soda,
punje za mchele,
nywele za bandia, rangi ya zambarau.

Unafanya nini?
Nasoma.
Soma ukiwa na koleo.

Nikachota, tukachota mpaka adhuhuri.
Lakini kipande kimoja nilikitia kwenye kopo la siagi,
nikapanda nacho Mlimani,
nikakilaza pembeni ya Rukwa.
Fomu ni ile ile. Nikajaza.
Mahali: Kigogo, sebuleni.
Kina: sentimita tisa.
Umri: Jumanne.

Asubuhi Dokta Lwitiko alikikuta.
Alisimama nacho muda mrefu, miwani imeshika ukungu.
Nilidhani atanifukuza.
Akachomoa kalamu, akaandika chini ya maneno yangu:
Nusu igawanywe. Nusu isiguswe.

Saa nane umeme ukakatika.
Nje mvua.
Nikaenda kuwasha jenereta.