Hesabu ya Dobi

Mimi Kezia Threlfall, dobi wa kampuni ya tatu,
sijui kuandika. Hesabu naiweka kwa mafundo ya kamba:
fundo dogo ni shati la askari, nusu peni;
fundo kubwa ni la afisa, peni mbili,
maana la afisa hutiwa wanga, hupigwa pasi,
na likirudi na doa hupigwa mimi.

Bandarini Portsmouth walitupigisha kura kofiani:
wake sita kwa askari mia.
Dorkas alichomoa karatasi, wakamsomea: "Baki."
Akaketi palepale gatini, mimba ya miezi minane,
na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.
Mke wa kanali hakutia mkono kofiani.
Alipanda na kinanda chake.

Jabez wangu alikuwa mfumaji, huko Bolton.
Mashine zilipomla riziki, alikaa majuma akitazama viganja vyake,
hadi sajini alipomnunulia pombe na kumtilia shilingi mkononi.
Asubuhi akaamka mali ya mfalme.
Luteni Ashcombe naye alinunuliwa, bei ndiyo tofauti:
babake alitoa pauni mia nne na hamsini za cheo,
kama mtu anunuavyo farasi,
na farasi pia akamnunulia.
Miaka kumi na saba, kidevu kitupu.
Jabez, mwenye arobaini, alimwita "bwana".

Sisemi kijana yule alikuwa mbaya. Usiku alilia;
nilijua kwa foronya zake.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
ya jeshi, beseni.

Baridi ilitukuta milimani, Ureno. Mikate ikachelewa siku nne.
Jabez akaiba kuku. Mmoja. Mkonde.
Viboko mia mbili, kikosi kimesimama mraba,
na aliyeshika mjeledi ni mpiga ngoma Enoch Pilling,
kwa kuwa ndiyo kazi ya wapiga ngoma.
Juma lilelile luteni alipoteza karatani
fedha za viatu vya kampuni.
Kanali alicheka: "Ujana, Ashcombe."
Tukatembea peku hadi Machi.

Shati la Jabez nililifua kwa maji baridi.
Damu haitaki maji ya moto; ukiichemsha, hung'ang'ania.
Nililifua mara tisa.

Mwezi Mei, mizinga iliponyamaza,
nilimtambua kwa kidole kilichopinda. Uso haukuwapo.
Wezi walikwisha mvua hata soksi.
Shimo lilikuwa refu, wanatupwa humo kama magunia ya viazi.
Kapuni mwangu mlikuwa na mashati kumi na mawili ya luteni,
kitani laini, ukosini herufi mbili za hariri.
Nikatwaa moja nikamvika.
Lilimbana mabegani.

Wachimbaji walipofika, koplo akaziona herufi,
akavua kofia.
Wakamchimbia kaburi lake peke yake, ukutani mwa kanisa.
Kasisi alisoma ukurasa mzima;
wale wa shimoni aliwasomea mstari mmoja, wote.
Bunduki zikalia mara tatu.
Nilisimama nyuma na kapu langu,
wala hakuna aliyeuliza dobi analilia nini.

Luteni alirudi jioni, mkono umefungwa shingoni.
Akahesabu. "Kumi na moja, Threlfall."
"Moja limechukuliwa na mto, bwana."
Alinikata mshahara wa majuma kumi na sita.
Nimelipa. Kamba ninayo, mje mhesabu.

Siku ya tatu sajini akaniambia:
mjane halishwi na mfalme; olewa kabla ya Jumapili
au jina lako lifutwe kwenye posho.
Kutoka pale hadi Bolton ni milima, bahari, na njaa.

Nikaolewa na Enoch Pilling.
Hanywi. Hanigusi mpaka nimwambie.
Usiku mkono wake wa kulia hutetemeka
naye huukalia, kama mtu anayeficha kitu.

Shati lake nalifua pamoja na mengine.
Fundo silifungi.