Nyingine, Eleza

Karani wa sensa alifika saa mbili usiku kwa mtumbwi wa kuazima,
kiatu kimoja mkononi, kingine kimeshakunywa ziwa.
Naitwa Khavetsa, akasema, kwetu ni Mbale, sijui kuogelea.
Nikamwambia kaa hapo katikati, juu ya gunia la makaa,
na hiyo kamba usiishike, hiyo ndiyo inayoushikilia mlingoti.
Kiatu nikakiweka kando ya jiko.

Kishikwambi kikamwangaza kidevu.
Kuta: mawe, matofali, mabati, udongo?
Mvule, nikasema. Na pale penye kiraka, debe la mafuta ya kupikia.
Mvule haumo, akasema.
Basi andika mbao.

Sakafu?
Mbao pia, ila hufunuliwa.
Chini yake ni ngama, na ngamani kuna maji,
siku zote kuna maji, hata ukiziba kila mshono kwa pamba na lami.
Naamka saa tano, naamka tena saa tisa,
nayakumba kwa jerikeni lililokatwa shingo.
Simu hainiamshi. Naamshwa na uzito:
chombo kikishiba maji hutikisika polepole,
kama mlevi anayejitahidi asigunduliwe.

Paa?
Hapo nilicheka.
Paa ni tanga, viraka vyake magunia ya unga;
ukilala chali unasoma kilo tisini, kilo tisini, kichwa chini.
Kukicha tunalivua paa, tunalitweka,
nyumba inakwenda Kendu kuuza makaa.
Wale niliopanga nao Nyalenda, paa lao halikuwahi kusafiri
ila siku lilipokuja tingatinga.
Hiyo usiandike.

Maji ya kunywa nanunua, jerikeni shilingi ishirini,
ndiyo, na ziwa lote hili limenizunguka.
Choo ni cha sokoni, kinafungwa saa moja.
Baada ya saa moja
kuna ndoo, kuna jivu, na wewe ni mwanamke kama mimi.

Umeme?
Sola moja, kubwa kama sinia ya chapati.
Inatosha taa au simu, haitoshi vyote viwili.
Taa kwanza. Maboti ya injini hupita gizani bila taa,
hayamwulizi mtu kama kalala.

Akauliza kama ni mali yangu au nimepanga.
Ni deni, nikamwambia. Fundi Nyangweso
alikula kibandani kwangu miaka mitatu, kwa daftari.
Siku alipokuja kulipa hakuwa na hela, alikuwa na chombo.
Akatafuta. *Deni* nayo haikuwemo.

Mwezi wa pili magugu yalitufunga siku kumi na moja.
Tuliamka tumezungukwa na shamba,
Odindo, mjukuu wangu, akauliza tutapanda nini.
Ndiye huyo, usimwamshe. Ana miaka sita.
Kamba iko kiunoni mwake, ncha ya pili kidoleni mwangu,
akigeuka, nami nageuka.

Kata ndogo?
Mashine ikagoma. Kitone chake cha buluu kilikuwa kinatembea.
Upepo wa nchi kavu ulikuwa umeanza,
nasi tunaizunguka nanga kama mbuzi wa kufungwa.
Khavetsa akakitazama kile kitone kwa muda mrefu
kama mtu aliyeambiwa kwao kumehama.
Mwishowe akabonyeza *Nyingine, eleza*,
akaandika neno moja, akaficha asinionyeshe.

Nambari ya sensa hupigwa mlangoni kwa chaki.
Akatafuta mlango.
Akaipiga mlingotini.

Mvua ya Nandi ilishuka kabla ya saa tisa.
Nikafunua sakafu, nikakumba,
nikayamulika maji kutafuta weupe wa chaki.
Sikuuona.
Asubuhi ilibaki saba pekee, nayo haina kichwa.

Kiatu chake alikisahau.
Wiki ya tatu sasa kiko juani, na usiku kando ya jiko,
na bado kibichi. Akirudi nitamwambia
hilo ndilo swali ambalo hakuniuliza.