Kibali cha Siku Sitini

Mimi ndiye niliyempelekea fomu,
mimi, afisa biashara, mhuri mfukoni
kama mtu aliyebeba yai.

Kanuni ni fupi. Anayetangaza kufunga, afunge.
Siku sitini, basi.
Kila bidhaa iorodheshwe, idadi na bei yake ya jana,
na orodha ikishagongwa mhuri hakiongezwi kitu,
hata kifungo.

Tuliitunga kwa ajili ya jirani yake, Sadala,
ambaye kitambaa chake TUNAFUNGA, BEI YA KUTUPA
kimepigwa jua la Gongoni miaka tisa
hadi wekundu wa herufi umekuwa waridi,
na kila Alhamisi, mlango wa nyuma, lori linashusha.

Kwa hiyo Kalunde Mihayo alipobandika karatasi yake
watu walicheka. Na wewe umejifunza?

Fomu iliuliza: Sababu ya kufunga (mstari mmoja).
Aliandika: magoti. Akafuta.
Akaandika: wateja wananunua kwa simu. Akafuta.
Karatasi ikatoboka.
Nikagonga mhuri juu ya tundu.

Siku ya kumi na mbili treni ikaleta marobota mawili
aliyoyaagiza kabla hajakata shauri.
Alinitazama. Mimi nikatazama kanuni.
Marobota yakalala stesheni ya Tabora siku tatu, yakirashiwa na mvua,
kisha yakarudi yalikotoka.

Siku ya hamsini na tisa nilikwenda kuhakiki.
Rafu zilikuwa mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Zipu nne. Jora moja la bitana, lililoliwa na panya pembeni.
Kipimo cha wari, cha mti, ncha zake za shaba.
Na daftari.

Hili halimo kwenye orodha, nikasema.
Madeni si bidhaa, akasema.

Nililifungua. Kazi ni kazi.
Ukurasa wa tatu, wino wa bluu:
Mama Nsimbila, kaki, wari moja na robo,
ya mtoto anayeanza la kwanza.
Pembeni hakuna alama ya kulipwa.
Kaptula ile naikumbuka, ilikatwa kubwa makusudi,
niliivaa hadi la nne.

Nikatoa pochi. Shilingi ngapi?

Akalichukua daftari, akalifunga kwa mpira.
"Afisa, baada ya mhuri hakiongezwi kitu.
Si umesema mwenyewe?"

Kesho yake, jioni, alikomea mlango.
Ng'ambo ya barabara Sadala alikuwa juu ya ngazi,
anakaza kamba ya kitambaa chake
iliyolegezwa na upepo.