Daftari la Zamu ya Usiku

Baba alikuwa sikio la Tabora.
Kibanda cha bati mwisho wa uwanja,
jenereta linakohoa, uji umefunikwa sahani,
naye ameinamia redio
akizingoja sauti za watu wasioshuka.

Walitoka Paris, walikwenda Tananarivo.
Sisi kwao tulikuwa nukta,
mahali pa kugeuzia pua ya ndege.
"Tabora, Tabora," wakiita, wakitaka habari za upepo,
naye akawapa upepo, akawapa mawingu,
kisha wakamwachia "bonswa" moja
aliyoiandika kama mtu anayekata stakabadhi.

Majina aliyaandika alivyoyasikia.
Eya Fransi, ile ya farasi wa baharini mwenye mabawa
aliyemwona kwenye kalenda ya mhandisi.
Tai. Hapo alicheka peke yake hadi alfajiri:
ndege ya bati kujipa jina la ndege wa manyoya!
Mwaka sitini na tatu Tai akanyamaza.
Hakufa, wakamwambia, ameolewa,
siku hizi anaitwa Utea.
Rubani yule yule mwenye mafua yasiyopona,
jina jingine.
"Hata dada yangu Kalunde," alisema wakati wa kula,
"alirudi kutoka Urambo na jina nisilolijua,
lakini kicheko kilikuwa chake."

Hakuwahi kupanda ndege.
Safari zake zilikuwa za reli, daraja la tatu, hadi Kigoma,
debe la asali magotini.

Mwaka tisini na mbili, Utea naye.
Safari hii hapakuwa na harusi. Eya Fransi ilimmeza.
Tulizipata habari kwenye kipande cha gazeti
kilichofungiwa karanga, miezi minne baadaye.
Baba alikisoma, akala karanga, akakisoma tena.
"Kampuni huuzwa, sawa. Na sauti je?"
Mama alimwambia ale, chumvi inayeyuka.

Leo nimelifungua daftari, mara ya kwanza tangu matanga.
Ukurasa wa mwisho ni wa madeni.
Mafuta ya taa, chupa mbili, kwa Remtula.
Cherehani ya mama, bado shilingi arobaini.
Betri. Betri. Sare ya shule, ya kwangu.
Yote yamekatwa kwa mstari mnyoofu, isipokuwa moja:
"Utea, salamu moja."

Nakumbuka alivyosimulia. Jenereta lilizima katikati ya neno.
"Bons..." na giza.
Alitoka nje akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka,
na redio ilipowaka tena, anga ilikuwa tupu.

Sijui sheria. Aliyemmeza mdai
amelimeza na deni?
Simu ya mwanangu Shija inaonyesha ndege zote za dunia,
vialama vya njano vinatambaa juu ya ramani kama siafu.
Saa nane kasoro kumi usiku kimoja kinapita juu ya Ipuli,
juu ya mizinga ya nyuki na mabani ya tumbaku.
Hakituulizi upepo. Hakituulizi kitu.

Nimetoka uani na kanga ya kulalia,
nikaingoja taa yake ivuke paa la jirani.
Kifaransa changu ni neno moja, la kurithi.
Nimelisema kwa sauti, lote,
mbwa wa mzee Ntabaye akabweka,
nami nikarudi ndani kutafuta kalamu.